Kyule Alikula na Kukonda

Kyule alikuwa mchongaji wa vinyago. Kila asubuhi alitoka kwake Pumwani, akateremka kwa miguu hadi karakana ya wachongaji kule Gikomba, akaketi juu ya gogo lake na kushika tezo. Kazi yake ilikuwa kuchonga vichwa vya wazee. Wateja walivipenda kwa sababu kila mzee alikuwa na sura yake. Mmoja alicheka. Mwingine alinuna. Mwingine alionekana kama mtu anayesikiliza habari kutoka mbali.

Mke wake, Nthoki, aliuza nguo za watoto za mitumba. Binti yao wa pekee, Ndeti, alikuwa ameolewa Athi River. Kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu. Hata hivyo, Nthoki alijikuta akipika kama mwenye nyumba iliyojaa wageni. Sufuria iliisha kila siku, na aliyeimaliza alikuwa Kyule.

Asubuhi alikunywa chai yenye sukari nyingi kwa chapati. Jioni alikula ugali hadi mwiko ukakwaruza sufuria. Baada ya hapo alikunywa maji. Alikunywa jagi zima, akatoka kwenda chooni, akarudi akanywa tena.

Na bado alikonda. Zamani alikuwa na kitambi, na wenzake walimtania. Sasa mshipi wake aliutoboa matundu mapya, na shati lilining'inia mabegani kama limetundikwa ukutani. Wakati mwingine, akimwangalia mumewe akila, Nthoki alihisi kwamba kuna mtu wa tatu mezani. Mtu asiyeonekana, lakini ndiye anayeshiba.

Hakumwambia mtu yeyote. Alijua watu wangekumbuka nini. Wangemkumbuka Mwangangi, kaka mkubwa wa Kyule. Mwangangi naye alikula akakonda, akanywa maji bila kutosheka. Kisha kidonda kidogo kikatokea mguuni. Kidonda kikawa kikubwa. Akakatwa mguu wa kushoto, na bado akafa. Nyumbani kwao Mwala watu walinong'ona kwamba alirogwa. Jina lake halikutajwa tena kwa sauti.

Siku moja adhuhuri Nthoki alimpelekea Kyule chakula karakana. Kulikuwa na kelele za tezo na patasi kama kawaida, ila kona ya Kyule ilikuwa kimya. Wachongaji waliokuwa wakikaa karibu naye walikuwa wamehamisha magogo yao. Nthoki hakuelewa kwa nini, mpaka alipoviona vichwa.

Vilikuwa vimepangwa juu ya ubao, safu nzima. Vyote vilikuwa na uso mmoja. Mashavu yamebonyea. Macho yameingia ndani. Mdomo uko wazi kidogo, kama wa mtu mwenye kiu. Nthoki aliujua uso huo. Mara ya mwisho aliuona ndani ya jeneza.

"Baba Ndeti," alisema polepole, "kwa nini unamchonga Mwangangi?"

Kyule aliinua kichwa. Macho yake yalimtafuta mkewe kidogo kabla ya kumpata.

"Mimi simchongi Mwangangi," alijibu. "Hawa ni wazee tu, kama siku zote."

Alichukua kichwa kimoja, akakisogeza karibu na macho, kisha mbali, kisha karibu tena. Akakitazama kwa muda mrefu. Halafu akakiweka chini, uso ukielekea ukutani. Alisema siku hizi haoni vizuri. Alisema ni vumbi la Gikomba. Mwenye duka aliyekuwa akinunua kazi zake alikuwa ameshavikataa vichwa hivyo. Alisema hawezi kuweka maiti kwenye rafu.

Baada ya siku hiyo Kyule alichonga kidogo, na Nthoki alilala akisikiliza pumzi zake.

Jumamosi moja Nthoki alirudi kutoka sokoni mchana. Nje jua lilikuwa kali, lakini korido ya ghorofa yao haina dirisha. Hata mchana watu hupapasa ukuta ili wafike milangoni mwao. Nthoki aliwasha tochi ya simu, akaona alama sakafuni.

Zilikuwa alama za unyayo. Lakini ulikuwa unyayo wa kulia tu. Wa kulia, halafu wa kulia tena, na tena. Wa kushoto haukuwepo. Ilikuwa kana kwamba mtu mwenye mguu mmoja amepita pale. Nthoki aliinama akagusa. Ilikuwa damu, na ilikuwa bado mbichi.

Alama zilianzia bafuni, mwisho wa korido. Zilipita milango ya majirani bila kusimama. Zikaingia kwake.

Nthoki alisukuma mlango kwa ncha za vidole. Kyule alikuwa ameketi kitini pekupeku, akisikiliza redio. Alionekana mtulivu kabisa.

"Nani ameumia?" Nthoki aliuliza.

"Hakuna aliyeumia," Kyule alisema. "Kwani vipi?"

"Inua mguu wako."

Kipande cha chupa kilikuwa kimezama kwenye wayo. Kyule alikitazama kama mtu anayetazama mguu wa mtu mwingine. Nthoki alipokivuta, hakukunja hata uso.

"Sikusikia kitu," alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Hata Mwangangi hakusikia."

Nthoki alivuka korido, akabisha mlango wa jirani yao Khadro. Khadro alikuwa mtaalamu wa lishe katika kliniki ya serikali iliyokuwa karibu. Kazi yake ni kuwafundisha wagonjwa jinsi ya kula. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Alikuja mara moja. Aliosha kidonda kwa maji safi, akakifunga kwa kitambaa safi, na huku anafunga akauliza maswali. Je, Baba Ndeti ana kiu isiyoisha? Je, anakojoa mara nyingi? Je, anakula na bado anakonda? Je, macho yana ukungu? Je, miguu ina ganzi? Kila swali lilijibiwa ndiyo.

Khadro hakutikisa kichwa wala hakushtuka. Alisema waende kliniki siku hiyo hiyo, wasingoje.

Kliniki walimchoma Kyule kidole na kupima tone la damu. Sukari ilikuwa juu sana. Daktari akamweleza kwamba ana kisukari cha aina ya pili. Hakurogwa. Mwili wake ulikuwa umeshindwa kuitumia sukari inayotokana na chakula, kwa hiyo sukari ikabaki kwenye damu, na nyingine ikatoka na mkojo. Ndiyo maana alikula na kukonda. Ndiyo maana macho yalififia, na mishipa ya fahamu ya miguuni ikafa ganzi. Daktari alisema pia kwamba ugonjwa huu mara nyingi hupita katika familia. Kyule alipewa vidonge, akaambiwa avimeze pamoja na chakula. Kidonda kilisafishwa. Akaagizwa arudi Jumatatu amwone Khadro ili apangiwe chakula.

Jumatatu Kyule hakurudi.

Hakuwa mtu mkaidi. Aliogopa. Tangu atoke kliniki alikuwa na wazo moja. Kama chakula ndicho kilichomuua Mwangangi, basi dawa ni kutokula. Asubuhi alimeza vidonge kwa chai ya rangi na kwenda kazini. Mchana alikunywa maji. Jioni njaa ilimzidi, akala sufuria nzima ya githeri, mahindi na maharagwe, kisha akajichukia, na kesho yake akafunga tena. Nthoki alimsihi. Kyule alimjibu kwamba yeye anajua anachokimbia.

Jumapili walikwenda kanisani. Kyule alikuwa amemeza vidonge vyake bila kula, kama kawaida yake mpya. Ibada ilikuwa ndefu, na walirudi kwa miguu juani. Walipofika nyumbani, Nthoki aliingia kukatakata vitunguu. Kyule aliketi kitini. Chumba kikawa kimya.

Ukimya ule ulikaa mno. Nthoki aligeuka. Kyule alikuwa amekaa wima, shati lake la kanisani limelowa jasho kama amemwagiwa maji. Mikono ilimtetemeka. Alikuwa akitazama kiti kilichokuwa mbele yake, kiti kitupu, na alikuwa akitabasamu.

"Mwekee kikombe," alisema.

"Nani?"

"Mwangangi. Amefika. Ametembea mbali."

Sauti ilikuwa yake, lakini ilitoka taratibu, kama ya mtu anayeongea usingizini. Nthoki alimshika bega. Lilikuwa baridi. Kyule akamgeukia, akamwangalia kwa adabu, kama unavyomwangalia mtu ambaye hujawahi kuonana naye.

"Na wewe mama ni nani?" aliuliza.

Nthoki alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mlango. Majirani walikuja. Mmoja alianza kuomba. Mwingine alisema hiyo roho isiulizwe jina, kwa sababu ikijibu itabaki. Hakuna aliyetaka kukikaribia kile kiti kitupu.

Khadro alipenya katikati yao. Aligusa paji la uso la Kyule, akaona jasho lilivyo baridi.

"Amemeza dawa leo?" alimuuliza Nthoki.

"Asubuhi."

"Amekula nini?"

"Hajala kitu."

Khadro akaomba sukari na kikombe cha maji. Nthoki akasita. Sukari si ndiyo iliyokuwa sumu? Lakini mkono wa Khadro ulikuwa umeshanyooshwa, unangoja. Kwanza alihakikisha kwamba Kyule anaweza kumeza. Kisha akakoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji na kumnywesha polepole. Watu walitazama.

Wakangoja. Kutetemeka kukapungua. Jasho likaanza kukauka. Kyule akapepesa macho, akaona watu wamejaa mlangoni, akamwona mkewe.

"Mama Ndeti," alisema, "mbona unalia?"

Hakukumbuka chochote. Khadro alimpa yai la kuchemsha na kipande cha mkate, kisha akawaomba majirani wawaache.

Walipobaki watatu, Khadro aliwaeleza kilichotokea. Vidonge alivyopewa Kyule huishusha sukari. Mtu akivimeza bila kula, sukari hushuka kupita kiasi. Ubongo hutegemea sukari ya damu ili ufanye kazi. Ikipungua mno, mtu hutetemeka, hutokwa na jasho baridi, husema maneno ya ajabu, na huweza kuzimia na kufa. Akiwa anaweza kumeza, apewe sukari haraka na kisha chakula. Akiwa amezimia, asitiwe kitu chochote mdomoni. Akimbizwe hospitali.

"Kwa hiyo Mwangangi hakuwa hapa," Nthoki alisema. Bado alikuwa amekaa mbali na kile kiti.

"Hapakuwa na mtu hapo, dada yangu. Palikuwa na njaa."

Nthoki akamweleza basi juu ya vichwa vya Gikomba. Akasema hilo njaa haiwezi kulieleza. Vichwa vyote vilikuwa na uso wa marehemu, na aliyevichonga hakujua.

Khadro alimgeukia Kyule. Alimuuliza, akiwa anachonga uso, huwa anamtazama nani.

Kyule alieleza kwamba ana kipande cha kioo alichokiegemeza kwenye ukuta wa karakana. Tangu ujana wake huchonga akijitazama. Akitaka mzee anayecheka, yeye hucheka. Akitaka mzee aliyenuna, yeye hununa. Kisha huongeza ndevu au mikunjo.

Alipofika hapo, mkono wake ulipanda taratibu, ukagusa shavu lililobonyea.

"Nilikuwa najichonga mimi," alisema.

Kisha Kyule akaanza kulia, bila sauti, kama watu wazima wanavyolia. Alisema amekuwa akimkimbia ndugu yake, kumbe wako njia moja. Khadro alingoja mpaka akamaliza. Halafu akamwambia kwamba Mwangangi hakupimwa mapema, na hakuna aliyemfundisha kula. Yeye Kyule amepimwa, na wa kumfundisha anakaa ng'ambo ya korido tu.

Jumatatu walikwenda kliniki wote wawili. Daktari alisikia habari ya Jumapili, akabadilisha dawa na kumwonya Kyule asijipunguzie wala kujiongezea vidonge mwenyewe. Kisha wakaingia kwa Khadro. Mezani kwake kulikuwa na sahani ya kawaida, ya aina ambayo kila nyumba inayo.

Khadro alimwomba Kyule aonyeshe ugali wake wa jioni ulikuwa na ukubwa gani kabla hajaanza kuogopa chakula. Kyule alipanua mikono miwili, akaikunja kidogo, kama anayeshika kitu cha duara. Nthoki alipoiona mikono ile alivikumbuka vichwa vya Gikomba. Ugali huo ulikuwa na ukubwa wa kichwa cha mtu. Ilikuwa mikono ile ile iliyobeba vile vinyago.

"Sasa kunja ngumi," Khadro alisema. "Huo ndio ugali wako."

Kyule aliitazama ngumi yake. Alisema mtu mzima hawezi kushiba hapo.

"Ugali peke yake hautakushibisha," Khadro alisema. "Ndiyo maana sahani ina nafasi nyingine."

Akachora kwa kidole juu ya sahani. Nusu nzima iwe mboga: sukuma wiki, kabichi, mchicha, managu, kunde. Robo moja iwe chakula cha kujenga mwili: ndengu, maharagwe, omena, samaki, yai, au kuku asiye na ngozi. Robo iliyobaki iwe ugali au wali au nduma au viazi. Kimoja, si vyote kwa pamoja. Kyule aliuliza kama ugali wa wimbi hauna mpaka. Khadro alisema wimbi ni nzuri kuliko unga mweupe uliokobolewa, lakini kipimo ni kile kile. Ngumi ni ngumi.

Kisha akawaeleza habari ya kalori. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyo ndani ya chakula. Mwili unahitaji nguvu hiyo kila siku. Ikizidi, mtu hunenepa na sukari hupanda. Ikipungua mno, mtu hudhoofika, na anayetumia dawa kama za Kyule huweza kuanguka. Khadro alimpima Kyule uzito na urefu, akamuuliza juu ya kazi yake na umri wake. Alikadiria kwamba kalori kama elfu moja na mia nane kwa siku zingemtosha. Akasisitiza kwamba hicho ni kipimo cha Kyule. Mtu mwingine apimwe apewe chake.

"Sitaki uhesabu kila punje," alisema. "Sahani na ngumi zitakuhesabia. Kazi yako ni kula asubuhi, mchana na jioni, kwa saa zile zile. Usiruke mlo, wala usile kupita kiasi ili kuufidia."

Alipomgeukia Nthoki, alimuuliza anakaangaje sukuma. Nthoki alieleza kwamba huinamisha mtungi wa mafuta juu ya sufuria mpaka aone inatosha. Khadro akamwomba akadirie kwa vijiko. Nthoki alifikiri, akasema labda vijiko vikubwa vinne. Khadro alimwambia kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama mia moja na ishirini. Vinne vinakaribia mia tano, na sukuma bado haijaingia. Nthoki alishika shavu. Mtu wa tatu aliyekuwa akishiba mezani mwao, sehemu yake ilikuwa ikimiminwa na Nthoki mwenyewe.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Kyule aliinuka mezani akihisi kwamba kuna kitu alichosahau kula. Chai bila sukari ilikuwa na ladha ya nyumba ya mtu mwingine. Karakana, wenzake waliagiza chapati na soda, wakamtazama akifungua kopo lake la githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi, na kabichi juu yake. Mmoja alimwambia huo ni mlo wa mfungwa. Kyule aliendelea kutafuna.

Kilichomsaidia zaidi alikitengeneza mwenyewe. Alichukua kipande cha mti wa muhugu, akachonga bakuli. Alilichimba ndani polepole, akiingiza ngumi yake mara kwa mara, mpaka ngumi ikajaa bila kubaki nafasi. Nthoki alilipaka mafuta kidogo, akajaza ugali ndani yake, akaupindua juu ya sahani. Ugali ulitoka ukiwa wa mviringo na laini. Tangu siku hiyo hapakuwa na ubishi mezani. Nthoki naye alikula kwa bakuli hilo hilo, na mafuta akayapima kwa kijiko, kimoja kwa sufuria ya watu wawili.

Asubuhi walikula yai au maharagwe yaliyobaki, na kipande cha nduma. Tunda walilila zima, si kama juisi, na lilikuwa moja tu. Kyule alivaa viatu hata ndani ya nyumba, na kila jioni Nthoki alizikagua nyayo zake, kwa kuwa yeye mwenyewe hangeweza kuamini miguu yake.

Miezi ilipita. Kidonda kilifunga. Ukungu wa macho ulianza kuondoka. Kliniki sukari iliteremka kila alipopimwa, mpaka siku ambayo daktari aliangalia kipimo na kusema aendelee hivyo hivyo. Ganzi ya miguu haikuisha yote. Khadro alikuwa amewaambia mapema kwamba kisukari hakiondoki, kinatunzwa. Lakini mashavu yalirudi, na wachongaji wakarudisha magogo yao karibu naye. Kyule naye alihama. Aliacha kona yake ya zamani, akaenda kukaa karibu na mlango, mahali penye mwanga.

Kuhama huko kulizua jambo. Mtu mmoja wa Mwala alipita karakana kumsalimu siku Kyule alipokuwa ametoka, akaona gogo lake la zamani halina mtu. Aliuliza. Aliyeulizwa alikuwa mgeni pale, akasema tu kwamba Kyule hayupo tena hapo. Wiki hiyo simu ya Kyule ilikuwa kwa fundi, na ya Nthoki haikuwa na chaji. Habari ikafika nyumbani kwao Mwala: Kyule hayupo tena. Watu waliomzika Mwangangi hawakuhitaji kuelezwa zaidi.

Basi mchana mmoja wa Jumapili, Kyule na Nthoki wakiwa mezani, mlango ulifunguliwa bila hodi. Syombua, dada yake Kyule, alikuwa amesimama kwenye giza la korido. Alikuwa amevaa nguo nyeusi kutoka kichwani hadi miguuni. Mkononi alikuwa na shuka jeupe lililokunjwa.

Hakuingia. Alimtazama Kyule.

"Wewe," alisema, "wewe ni yupi?"

Kyule aliinuka. Syombua akarudi hatua moja gizani. Kyule akasimama pale alipo, akanyoosha mkono mezani, akachukua kipande cha ugali, akakichovya kwenye ndengu na kukila. Akatafuna mbele yake, taratibu, mpaka akameza.

"Ni mimi, Syombua," alisema. "Marehemu hawali ndengu. Njoo ndani."

Aliingia. Alimgusa mkono, kisha shavu, kisha akaketi ghafla kama aliyekatwa nguvu. Shuka lilimwangukia mapajani. Nthoki alimpa maji, akamweleza kila kitu tangu mwanzo: kula na kukonda, damu ya korido, kiti kitupu, sahani ya Khadro. Alimwambia pia kwamba ndugu wa mgonjwa wa kisukari wanafaa kupimwa hata kama hawaumwi. Syombua alikubali kwamba Jumatatu wataenda pamoja.

Kisha akakumbuka nyumbani. Watu walikuwa wamekusanyika wakingoja neno lake. Alitoa simu, akapiga, na mama yao mzee akaipokea.

"Mama, yuko hai," Syombua alisema.

Upande wa pili hapakusikika kitu.

"Yuko hai, Mama. Niko naye. Anakula."

Mwishowe sauti ya mama ikaja, nyembamba, kana kwamba inaogopa kusikika.

"Anakula nini?"

Syombua aliinama juu ya sahani ya ndugu yake.

"Mboga, Mama, nusu ya sahani. Ndengu, robo. Na ugali," alisema, akainua ngumi yake hewani ingawa mama hakuweza kuiona, "ugali kama ngumi."

Mama alivuta pumzi. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi, kisha zikatulia zote.

"Rudia," mama alisema. "Sema polepole. Wote hapa wanasikiliza."